Ni Nani Azibe Ufa? Kodi na Matengenezo ya Nyumba katika Mji Mkongwe wa Unguja

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo yajulikana na kila mtoto aliyepata kukaa mbele ya mwalimu, na aghalabu hufasiriwa kuwa ni onyo kwa mvivu. Lakini imo ndani yake nukta moja isiyofafanuliwa: methali haisemi anayeambiwa ni nani. Katika nyumba ya mtu anayekaa kwake mwenyewe nukta hiyo haina uzito, kwa sababu anayenyeshewa ndiye mwenye ukuta, na mwenye ukuta ndiye mwenye mfuko. Katika nyumba ya kupanga mambo hayako hivyo. Ufa mmoja una watu wawili. Mmoja ana ukuta, apokea kodi, na mvua inyeshapo yuko kwingine. Mwenziwe yuko chini ya mvua, alipa kodi, na ukuta si wake. Kila mmoja aweza kumnyoshea mwingine kidole, na wakati vidole vikinyoshwa maji huendelea kupita.

Mji Mkongwe wa Unguja ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili. Wageni wengi huuendea kwa ajili ya milango yake iliyonakshiwa na vichochoro vyake, na wanahistoria wameuandikia sana habari za masultani, wafanyabiashara na mapinduzi. Si wengi wanaousoma mji huo kwa hesabu ya chokaa, mabati na mabomba. Hata hivyo, katika muda usiozidi sana karne moja na nusu, swali la nani azibe ufa limejibiwa huko kwa njia nne mbalimbali, na kila jawabu limeacha alama yake ukutani.

Yafaa kwanza kuijua nyumba yenyewe. Nyumba za mawe za mji huo zilijengwa kwa wingi katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said kuhamishia Unguja makao ya utawala wake kutoka Maskati. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa mchanga, udongo na chokaa. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo juu ya magogo, kisha ikazimwa kwa maji na kulazwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Juu ya kuta zililazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti yakapangwa mawe na chokaa iliyopigwa kwa magongo mpaka ikashikamana kuwa sakafu. Boriti ya mkoko haina urefu mwingi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, upana wake kama mita 3 hivi, ingawa kwa urefu vyaweza kwenda mbali. Mti wa pwani ndio uliompimia tajiri ukumbi wake.

Ukuta wa namna hiyo una tabia yake. Ni mnene, nao hunywa maji ya mvua na ya ardhi, kisha huyatoa tena polepole kwa njia ya hewa. Chokaa inayopakwa nje ni ngozi yake: yenyewe hulika ili ukuta usiliwe. Kwa hiyo kupaka chokaa mara kwa mara hakukuwa pambo la sikukuu peke yake. Kulikuwa malipo madogo yaliyouzuia mwili wa nyumba usidai malipo makubwa. Hatari kubwa imo katika kichwa cha boriti, yaani ile sehemu iliyozikwa ndani ya ukuta. Ukuta ukikaa na unyevu muda mrefu, kichwa hicho huoza na mchwa hukifuata, ilhali kiwiliwili cha boriti chaonekana kizima. Mtazamaji huinua macho akaridhika. Siku sakafu inaposhuka, hustaajabu.

Gharama ya matengenezo katika nyumba kama hiyo ina ngazi zake, na kila ngazi ni nzito kuliko iliyotangulia. Ya kwanza ni kuzibua mfereji wa paa, kubadili bati lililoliwa na kutu, na kung'oa mche uliootea katika ufa. Asiyelipa hiyo atalipia lipu. Asiyelipia lipu atalipia boriti. Asiyelipia boriti atalipia ukuta, na katika mji ambao nyumba zake zimeegemeana bega kwa bega, ukuta wake mara nyingi ni tegemeo la ukuta wa jirani. Hapo ufa wa mtu mmoja huwa msiba wa mtaa.

Nyakati za baadaye zilileta mambo mawili yaliyoongeza mzigo huo. Moja ni saruji. Saruji hukauka upesi na haidai miezi ya kungoja, kwa hiyo ilimpendeza fundi na mwenye nyumba pia. Lakini lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa huufunga ukuta usipumue. Maji yaliyoingia hukosa njia ya kutoka, na lipu hatimaye hubanduka vipande vipande ikiondoka na uso wa jiwe. Matengenezo ya namna hiyo ni deni lililovaa nguo za malipo.

Jambo la pili ni bomba. Katika enzi ya Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, maji ya chemchemi za kaskazini ya mji yaliletwa mjini kwa mfereji na mabomba. Kabla ya hapo watu walitegemea visima, na maji yalipandishwa ngazi kwa vichwa na mabega ya watu. Neema hiyo ilikuwa kubwa kwa afya na kwa wachukuzi waliopumzika. Lakini nyumba zilizokuwapo zilijengwa kwa kiasi cha maji ya mtungi. Mtu apandishaye mtungi orofa ya tatu huyatumia maji yake kwa kipimo. Afunguaye mfereji hana haja ya kupima. Miaka ilivyozidi kwenda, mabomba yakapanda orofani, vikafuata vyoo vya maji na mahali pa kuoshea, na maji machafu nayo yakatafuta pa kwenda. Maungio ya bomba yakilegea ndani ya ukuta, hutokea tone lisilo na majira. Masika hukoma; bomba linalovuja halikomi.

Hiyo ndiyo nyumba, na hayo ndiyo madai yake. Sasa yatazamwe majawabu.

Jawabu la kwanza lilikuwa la wakfu. Misikiti mingi ya mji, na pia jamaa na masikini, waliwekewa nyumba, maduka na mashamba ambayo asili yake haikuruhusiwa kuuzwa wala kurithiwa, bali mapato yake yalitumika kwa kusudi aliloliweka mwenye kutoa. Kodi ya duka yaweza kununua mafuta ya taa ya msikiti na mikeka yake, na kumlipa anayeuhudumia. Sheria ya Kiislamu iliyaangalia mapato hayo kwa jicho la hekima. Kwa kuwa wakfu hukusudiwa kudumu, kuitengeneza mali inayozaa mapato hutangulia kuwagawia wanaostahili mapato hayo. Mavuno hayagawanywi kabla shina halijatiliwa maji.

Kanuni hiyo yastahili kufikiriwa na kila mtu atozaye kodi, awe Mwislamu au asiwe. Maana yake ni kwamba kodi si faida yote. Sehemu yake ni deni ambalo mwenye kupokea adaiwa na nyumba, na deni hilo lina haki ya kwanza. Anayelila analila fungu la wale ambao bado hawajazaliwa. Msimamizi wa wakfu, kwa mujibu wa kanuni hiyo, ndiye mtu aliyeweza kuulizwa: kodi imekwenda wapi, na mbona paa lavuja?

Hata hivyo, kanuni njema haipaki chokaa yenyewe. Ilihitaji kodi iliyotosha na msimamizi mwaminifu. Katika wakfu wa jamaa, vizazi vilipoongezeka, mafungu yalizidi kuwa madogo, na kila mwenye fungu dogo aliona uchungu kukatwa tena kwa ajili ya boriti. Mwaka 1905 serikali ya Zanzibar, iliyokuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, iliunda kamisheni ya kusimamia wakfu. Usimamizi ukatoka katika mikono ya watu waliokaa mtaani ukaingia katika daftari za ofisi. Daftari ina kumbukumbu nzuri kuliko binadamu, lakini haisikii tone likidondoka usiku.

Jawabu la pili lilipatikana upande wa pili wa hori, katika Ng'ambo. Huko waliishi watu wengi wa kazi, wakiwamo waliotoka katika utumwa na watoto wao, na nyumba zao zilikuwa za miti, udongo na makuti. Desturi ya Ng'ambo ilikuwa kwamba ardhi ni ya mmoja na nyumba iliyo juu yake ni ya mwingine. Mkazi alijenga kwa jasho lake, akakandika udongo mwenyewe na kubadili makuti mwenyewe. Hapo awali wengi walikaa juu ya ardhi ya watu pasipo kodi ya fedha. Baadaye wenye ardhi wakaanza kutoza kodi ya kiwanja, na katika miaka ya 1920 kodi hiyo ikapanda.

Hapa swali la ufa lina sura ya ajabu. Mwenye ardhi alipokea kodi, lakini hakuwa na ukuta wa kutengeneza wala bati la kubadili. Gharama yote ya matengenezo ilikuwa juu ya yule yule aliyelipa kodi. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya kiwanja, na mgomo huo ukaitikisa serikali hata ikatunga sheria ya kuzuia kodi hizo zisipande ovyo. Mgomo huo kwa kawaida huelezwa kama habari ya siasa na ya kukua kwa umoja wa wakazi, na kweli ulikuwa hivyo. Lakini pia waweza kusomwa kama hukumu ya mafundi wa nyumba zao wenyewe. Mtu aliyejenga, aliyekandika na aliyeezeka aliuliza kwa haki: yule anayekuja mwisho wa mwezi ametia nini katika nyumba hii?

Jawabu la tatu lilikuja na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Wengi katika wenye nyumba za Mji Mkongwe, Waarabu na Wahindi, waliuawa, au walikimbia, au walinyang'anywa mali zao, na nyumba nyingi zikawa za serikali. Familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zikapewa vyumba katika majumba ambayo wazee wao waliyajua kwa kupita nje tu. Kodi iliwekwa chini sana. Jambo hilo halifai kudharauliwa. Kwa mtu aliyekuwa hana chumba, kodi ndogo ilikuwa haki iliyochelewa, na hakuna mizani ya historia itakayoifanya kuwa si kitu.

Lakini nyumba haijui haki, yajua chokaa. Jumba lililojengwa kwa jamaa moja tajiri na watumishi wake likakaliwa na jamaa nyingi, kila moja katika chumba chake au viwili. Kila moja ilihitaji jiko, na kila moja ilihitaji maji. Mabomba yakaongezwa pale yalipofika kwa wepesi, majiko yakawekwa kumbini, na maji ya kuoshea yakamwagika juu ya sakafu za chokaa ambazo hazikupata kutazamia jambo hilo. Mpangaji hakuwa na sababu ya kutia fedha zake katika ukuta wa serikali. Serikali nayo ilipokea kodi isiyotosha gharama ya kuutunza ukuta huo, na nguvu yake ilielekea kwingine: kujenga mji mpya, ambao alama yake kubwa ni majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Hivyo ufa ukawa na wenyewe wawili wasioweza, badala ya wawili wasiotaka. Matokeo hayakutofautiana. Kufikia miaka ya 1980 majumba mengi yalikuwa yamebomoka au yakingoja kubomoka, na mahali pengine kifusi kilibaki pale pale kilipoangukia.

Ni kosa kusema kwamba kodi ilikuwa ndogo na mambo yakaishia hapo. Sehemu ya kodi ambayo haikulipwa kwa fedha ililipwa kwa njia nyingine. Ililipwa kwa boriti zilizooza, kwa vyumba vilivyofungwa kwa sababu sakafu yake haikuaminika, na kwa usingizi wa mama aliyeweka sufuria chini ya paa usiku wa masika. Gharama ya matengenezo haifutwi kwa kutotajwa katika risiti. Huhama tu, na aghalabu humhamia asiye na pa kuipeleka.

Jawabu la nne lilianza mwaka 1985, ilipoundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, baada ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuuchunguza mji huo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyumba kadha wa kadha za serikali ziliuzwa kwa watu binafsi, kwa sharti kwamba mnunuzi azitengeneze. Mwaka 1994 ilitungwa sheria ya kuuhifadhi mji, na mpango wa hifadhi ukatayarishwa kwa msaada wa shirika la Aga Khan linaloshughulika na utamaduni. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Fedha ambazo hazikuonekana kwa miaka 20 zikaanza kuonekana. Boriti zikabadilishwa, paa zikaezekwa upya, milango ikasafishwa.

Lakini fedha ina akili yake. Mnunuzi aliyetoa mali nyingi kuifufua nyumba hakutazamia kuirudisha kwa kodi ya mkazi wa mtaani. Alitazamia mgeni alalaye usiku mmoja na kulipa fedha za kigeni. Nyumba nyingi zilizotengenezwa vizuri zikawa hoteli na nyumba za wageni. Ufa ukazibwa, lakini aliyekuwa akinyeshewa akahama. Tena mgeni ataka bafu lake mwenyewe, na kila chumba kina choo chake na maji yake. Hivyo nyumba iliyookolewa kutoka kwa bomba lililovuja hutiwa mabomba mengi kuliko ilivyopata kuwa nayo, na usalama wake sasa wategemea fundi wa mabomba kuliko sultani yeyote.

Asije mtu akadhani kwamba sifa ya jengo ni nguzo. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 na kujulikana kuliko majengo yote ya Unguja, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, wakati likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Halikuwa nyumba ya kupanga, wala halikukosa wapenzi. Kwa miaka mingi lilisifiwa na kupigwa picha. Matengenezo yaliyochelewa yalilikuta limekwisha kudhoofika, na picha hazikulishika.

Katika majawabu haya manne, hakuna moja lililokuwa upumbavu mtupu, na hakuna moja lililokamilika. Wakfu uliitambua haki ya nyumba, lakini ulishindwa pale kodi ilipopungua na mafungu yalipozidi. Ng'ambo ilimwachia mkazi ukuta wake, lakini ilimpa mwingine kodi yake. Serikali ya Mapinduzi iliitambua haki ya mkazi, lakini haikuipa nyumba riziki yake. Soko liliipa nyumba riziki, lakini lilimsahau mkazi. Kila mara upande mmoja wa mizani ulitiwa uzito, upande wa pili ukapanda juu.

Kutokana na hayo mambo matatu yadhihirika. La kwanza ni kwamba kodi yapasa kutosha kuitunza nyumba, na ikiwa mpangaji hawezi kulipa kiasi hicho, lazima pawe na mwingine aliyekubali waziwazi kulipa kilichopungua, si kukiacha kilipwe na boriti. La pili ni kwamba fungu la matengenezo litengwe kabla faida haijahesabiwa. Mathalan mwenye nyumba apokeaye kodi ya miezi 12 na kuila yote hakupata faida ya miezi 12. Amekula kodi ya miezi kadhaa na ukuta wa miezi iliyobaki, ila ladha ya ukuta haijafika ulimini. Akitenga kodi ya mwezi mmoja au miwili kila mwaka ataona amepungukiwa, lakini siku bomba litakapopasuka atakuwa na cha kumwitia fundi, wala hatamwambia mpangaji angoje. La tatu ni kwamba awepo mtu mmoja anayeweza kuulizwa, mwenye jina na mlango unaobishika.

Somo hili si la Unguja peke yake. Katika miji yote ya Afrika ya Mashariki watu wengi wajenga au wanunua nyumba ili wapangishe, na hesabu zao huanza na bei ya kiwanja na kuishia na kodi ya mwezi. Kati ya hizo mbili kuna mfereji wa paa, maungio ya bomba, shimo la choo lijaalo, na rangi ioshwayo na mvua. Mambo hayo ni madogo kwa kuandikwa, nayo ndiyo yanayoamua kama nyumba itarithiwa au itafukiwa.

Mwanafunzi wa historia naye ana fungu lake. Akienda Mji Mkongwe, na autazame mlango wa nakshi, kwa sababu wastahili kutazamwa. Kisha na ainue macho juu ya mlango huo, atazame mahali boriti ziingiapo ukutani na mahali bomba lishukapo, na aulize kodi ya nyumba ile hulipwa na nani, hupokewa na nani, na mara ya mwisho ilirudi lini ukutani. Mlango utamwonyesha jinsi nyumba ile ilivyoanza. Kwa swali hilo la pili atajua ni nani walioishi ndani yake, ni nani waliofaidi, na kwa nini yangali yako mawe juu ya mawe.